Fidia ya Jeraha la Ubongo: Ushahidi Uko Nyumbani



Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, trela lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, likaparamia matatu, wachuuzi na wapita njia. Watu zaidi ya 50 walikufa. Karibu miaka mitano kabla ya hapo, alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha barabara karibu na Fort Ternan, paa likang'oka, na hapo pia tukazika zaidi ya 50. Majina ya marehemu yalisomwa redioni, viongozi wakaja, michango ikachangwa. Sikuja leo kuzungumza juu ya marehemu. Wana sheria yao ya ajali za vifo, Sura ya 32, na mawakili wengi wa Kericho, Sotik na Bomet wanaijua vizuri. Nimekuja kwa ajili ya wale waliotoka wodini kwa miguu yao, wakafanyiwa maombi ya shukrani, kisha baada ya miezi mitatu au minne mke akamwambia mama mkwe kwa sauti ya chini kwamba mume aliyerudishiwa si yule aliyekuwa naye.

Ajali kubwa hukumbukwa. Lakini majeraha mengi ya kichwa yanayofika mezani pangu, mimi wakili, hayatokani nazo. Hutokana na bodaboda iliyogongwa na pikapu kwenye kona ya Litein, matatu iliyoteleza katika mvua ya alasiri kati ya Kaplong na Sotik, mtoto aliyekuwa akivuka barabara Silibwet akitoka shule, lori la majani chai lililolala ubavu kwenye barabara ya udongo. Eneo letu hili lina milima, lina ukungu, na linapata mvua karibu mwaka mzima. Ajali za namna hii hazifiki magazetini.

Jeraha lenyewe ni la ajabu. Mguu ukivunjika, picha ya eksirei inaonyesha, chuma kinawekwa, na hakimu akimwona mdai akichechemea hahitaji kuelezwa sana. Ubongo ni kiungo laini kilichofungiwa ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikipigwa, au kikitikiswa kwa nguvu bila hata kupigwa, ubongo hugonga ukuta wa fuvu, mishipa hukatika, damu huvuja, na sehemu iliyoumia huvimba mahali pasipo nafasi ya kuvimba. Damu nyingine huvuja polepole, na dalili zake huja wiki kadhaa baadaye, mtu akiwa amesharudi shambani. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotuwezesha kupanga mambo, kujizuia, kusubiri na kuona haya. Ikiumia, mtu anaweza kusema, kula na kutembea kama zamani, lakini akawa hawezi tena kumaliza kazi aliyoianza, au akampiga mtoto kwa sababu ya kikombe kilichoanguka. Wengine hupata kifafa muda mrefu baada ya ajali.

Naomba mkifika nyumbani mtazame karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, iwe mlipewa Kericho, Longisa, Tenwek, Kapkatet au Litein. Tafuteni herufi GCS na namba iliyo mbele yake. Hicho ni kipimo cha kupoteza fahamu kilichotungwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskochi. Daktari hutazama mambo matatu: macho yanafumbuka vipi, mgonjwa anajibu nini, na viungo vinatii namna gani. Jumla ya juu kabisa ni 15 na ya chini kabisa ni 3. Kuanzia 13 hadi 15 jeraha huitwa dogo, 9 hadi 12 la kadiri, 8 kushuka chini ni kali. Namba ile iliyoandikwa kwa haraka na muuguzi wa zamu ya usiku inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko maneno yote nitakayoyasema kortini miaka miwili baadaye, kwa sababu iliandikwa saa ile ile, na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea yeyote. Karatasi hiyo isitumike kuwashia moto. Na usidanganywe na neno “dogo”: hilo ni jina la kipimo cha siku ya kwanza, halisemi lolote juu ya maisha ya mwaka wa pili.

Sasa niseme lililonileta. Korti hulipa hasara iliyothibitishwa. Katika jeraha la ubongo, shahidi mkuu ni yule anayeishi na mgonjwa, na katika kaunti zetu mbili, Kericho na Bomet, shahidi huyo hupotea kila siku kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni shahidi.

Tazameni mambo yanavyokwenda. Miezi mitatu baada ya ajali, mgonjwa anapelekwa kwa daktari ili aandikiwe ripoti ya kesi. Anaulizwa jina, anajibu. Anaulizwa leo ni siku gani, anajibu. Anaulizwa anajisikiaje, anasema, “Niko sawa, daktari, kichwa tu kinauma kidogo.” Daktari anaona kovu limefunga vizuri, anaandika kwamba amepona na atapata maumivu ya kichwa ya mara kwa mara. Hakuna aliyesema uongo hapo. Ni kwamba moja ya madhara ya jeraha hili ni mtu kutojua kwamba amebadilika. Ndiyo maana mwenye jeraha anaweza kuwa shahidi mbaya kuliko wote katika kesi yake mwenyewe: anapanda kizimbani akiwa na suti ya kuazima, anajibu kwa adabu, wakili wa bima anamuuliza kama ameoa, kama anakula, kama alikuja kwa matatu peke yake, na yote anakubali. Mkewe amekaa nje kwenye benchi, hakuitwa.

Tumchukue mkulima wa Mogogosiek mwenye nusu ekari ya majani chai. Kabla ya ajali aliamka saa kumi na moja, akachuma, akapeleka kituo cha kupimia, akajua kwa kichwa kilo zake za mwezi mzima kabla hata klaki hajamsomea. Baada ya ajali anachuma kikapu kimoja na kukaa chini ya mti. Anachuma majani magumu pamoja na yale majani mawili na chipukizi yanayotakiwa, mzigo unakataliwa. Analipwa pesa za mwezi Jumatatu, na Jumatano hajui zimekwenda wapi. Haya yote yana karatasi. Risiti za mizani za kituo zinaonyesha tarehe na kilo, na taarifa ya malipo ya kiwanda cha chai cha KTDA inaonyesha mwaka mzima pamoja na bonasi. Weka risiti za miezi kumi na miwili ya kabla ya ajali karibu na za miezi kumi na miwili ya baada. Kilo zikiwa zimeshuka hadi nusu wakati majirani wa kituo hicho hicho hawakushuka, hapo hakimu ana kitu cha kushika. Kwa mchumaji wa kampuni kuna hati za mshahara na nyapara anayeweza kusimama na kusema alichokiona. Kwa mwanafunzi kuna ripoti za shule.

Na asiye na karatasi? Vijana wa boda na mama wauza mboga hamkuachwa nje. Mwaka 2005, katika kesi ya Maruja dhidi ya Obayo, Mahakama ya Rufani ilikataa wazo kwamba kazi na mapato ya mtu huthibitishwa kwa vyeti na stakabadhi peke yake, ikasema kwamba msimamo wa namna hiyo ungewadhulumu Wakenya wengi wasiojua kusoma, wasioweka hesabu, na ambao hata hivyo wanajipatia riziki kwa njia mbalimbali. Naipenda hukumu hiyo. Lakini haimwondolei mtu jukumu la kuleta shahidi: mwenyekiti wa steji, mteja wa kila siku, mtu wa chama anayejua mchango wako wa kila wiki ulikuwa kiasi gani.

Kuna jambo la nyumbani ambalo halina risiti kabisa, na hapo ndipo ninapoomba daftari. Daftari la kawaida la shule linatosha. Mke, mama au dada aandike tarehe na kilichotokea, bila kupamba. “Tarehe 4, aliacha jiko linawaka akaenda kulala.” “Tarehe 9, alipotea njia akitoka Kapkoros, aliletwa na mwenye boda.” “Tarehe 15, alianguka akatetemeka, alikojoa.” “Leo sikuchuma, nilibaki kumwangalia.” Mistari kama hiyo ikiandikwa mwaka mzima, kisha daktari akaisoma kabla ya kuandika ripoti ya pili, ripoti hiyo haiwezi kufanana na ile ya miezi mitatu. Ripoti ya pili ni lazima, na kwa hali nzito itoke kwa bingwa wa ubongo au wa afya ya akili, hata kama ni safari ya Eldoret au Nairobi.

Mstari ule wa mwisho, wa mama aliyebaki nyumbani, una thamani ya fedha. Sheria inatambua gharama za matunzo ya baadaye: dawa za kifafa, safari za kliniki, na mshahara wa mtu wa kumtunza mgonjwa. Lakini ni sharti zidaiwe kwenye hati ya madai na zithibitishwe. Nimesoma hukumu nyingi ambazo mgonjwa alipewa fidia ya maumivu, akapewa bili ya hospitali, na mwanamke aliyeacha majani yake yakomae ili amwoshe na kumlisha hakutajwa popote. Hakimu hakumnyima. Hakuna aliyemwombea.

Wako wanaouliza: mtu asiyejitambua, asiyehisi chochote, fidia ni ya nini? Swali hilo lilijibiwa Uingereza mwaka 1963 katika kesi ya West dhidi ya Shephard, ambayo mahakama zetu huirejelea mpaka leo. Mama wa miaka 41 aliumia kichwa vibaya katika ajali ya gari, akapooza mikono na miguu, hakuweza kusema. Majaji wengi wa Baraza la Malodi walikubali apewe pauni 17,500 na wakakataa hoja kwamba asiyetambua hasara yake hakupata hasara. Maisha aliyonyang'anywa yalikuwa yake, ayakumbuke asiyakumbuke. Majaji wale wale walikiri kwamba fedha haziwezi kurudisha mwili uliovunjika, na kwamba kiasi kinachotolewa lazima kiwe cha wastani na kifanane na kinachotolewa kwa majeraha ya aina hiyo. Kwa hiyo msishangae wakili anapobeba hukumu za wengine. Bila hizo hakuna kipimo.

Kuhusu uwezo wa kuchuma riziki, shikeni kesi ya kiwanda cha sukari cha Mumias dhidi ya Wanalo, ya mwaka 2007. Mahakama ya Rufani ilisema mtu anaweza kulipwa kwa kupungukiwa uwezo wa kupata kipato hata kama siku ya kesi bado ameajiriwa. Jambo hili linawagusa wachumaji wa mashamba makubwa kuliko wanavyodhani. Mtu ameumia kichwa, kampuni imemwonea huruma, imempa kazi nyepesi ya kufagia. Wakili wa upande wa pili atasema hajapoteza kitu, mshahara ni ule ule. Lakini sote tunaziona mashine za kuchumia chai. Siku ya kupunguza watu, huyo mwenye kazi nyepesi atakuwa wa kwanza kwenye orodha, na huko nje hakuna atakayemchukua. Hasara hiyo inadaiwa leo.

Nigusie kwa haraka aliyeumia akiwa kwenye gari la mwajiri likimpeleka kazini. Huyo ana njia nyingine chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA, ambayo hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Aripoti mapema, kwa maandishi.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo uchungu ulipo. Chini ya Sura ya 405, kila gari linaloingia barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na kampuni ya bima inapaswa kulipa hukumu. Lakini kwa dai la mtu mmoja sheria hiyo inailazimisha bima kubeba shilingi milioni 3, si zaidi. Chukueni kijana wa miaka 30 aliyekuwa akipata shilingi 18,000 kwa mwezi, daktari akasema amepoteza asilimia 70 ya uwezo wake, hakimu akakubali miaka 20 ya kazi. Shilingi 18,000 mara 12, mara 20, kwa asilimia 70: ni shilingi 3,024,000. Kikomo kimeshapitwa. Bado hatujataja mtu wa kumtunza: kwa shilingi 10,000 tu kwa mwezi, miaka 20 ni shilingi 2,400,000. Bado dawa, hospitali, na maumivu yenyewe. Kilichozidi milioni 3 kinamwangukia mwenye gari, na mwenye gari huenda hana mali nyingine isipokuwa hilo gari ambalo sasa ni chuma chakavu. Kwa mtu aliyevunjika mkono, milioni 3 ni dari iliyo juu sana. Kwa aliyeumia ubongo iko chini ya hasara yake tangu siku ya kwanza. Bunge liliweka kikomo kimoja kwa majeraha yote, na hapo ndipo walioumia zaidi wanapolipwa pungufu zaidi. Nasema hili ni kosa la sheria, na wabunge wetu waliketi nalo miaka mingi bila kulisemea.

Ndiyo maana siku za kwanza ni za kumtafuta mwenye gari. Namba ya OB, kitabu cha matukio kituoni, abstrakti ya polisi, namba ya usajili, rekodi ya usajili ya NTSA inayoonyesha gari ni la nani, jina la kampuni ya bima na namba ya stika. Kama dereva alikuwa kazini kwa kampuni au kwa tajiri wa malori, tajiri huyo aunganishwe kwenye kesi. Na bima ijulishwe rasmi kabla ya kesi kufunguliwa au mara tu inapofunguliwa. Notisi hiyo ikisahauliwa, hukumu nzuri inaweza kubaki karatasi. Hata kampuni halali ya bima huanguka: United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na wenye hukumu mikononi wakabaki kungoja. Kwa boda isiyo na bima mambo ni mabaya zaidi. Vijana wangu, bima iliyokwisha wiki iliyopita ni sawa na kutokuwa nayo, na anayeumia mara nyingi ni mama yako mwenyewe aliyekaa nyuma bila helmeti. Korti inaweza pia kumkata sehemu ya fidia yake kwa kutovaa helmeti hiyo.

Sasa mabroka. Wanafika wodini kabla ya jamaa, wanajua jina la mgonjwa, wana fomu. Wakati mwingine ni wa wakili fulani, wakati mwingine wanatoka upande wa pili na wanataka sahihi kwenye karatasi ya kumaliza madai: shilingi laki moja leo, na huna la kudai tena maisha yako yote. Familia imeshauza ng'ombe, imeshakodisha shamba la majani chai kwa miaka miwili, laki moja inaonekana kubwa. Msitie sahihi. Mgonjwa wa kichwa katika wiki zile hana hali ya kufanya mkataba wowote, na kama hawezi kusimamia mambo yake, Amri ya 32 ya Kanuni za Mashauri ya Madai inataka asimamiwe na mtu mwingine, na mapatano yoyote kwa niaba yake yaletwe mbele ya korti iyaridhie. Mkataba wa kumlipa wakili fungu tu pale atakaposhinda nao ni batili kwa kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili. Namwambia kila mteja aulize mapema, kwa maandishi, ada ni kiasi gani.

Pia msikimbilie Mahakama ya Madai Madogo kwa sababu inamaliza kesi kwa siku 60. Kikomo chake ni shilingi milioni 1. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza dai la hadi milioni 20, na jeraha la ubongo lipelekwe huko, au Mahakama Kuu.

Hata fidia kamili ikilipwa, inalipwa yote kwa siku moja, kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni kushindwa kupanga mambo. Nimeona fedha za miaka 20 zikiisha kwa miezi minane, ndugu wakiwa wamejaa uani. Uingereza, tangu 2005, majaji wanaweza kuamuru malipo ya kila mwaka kwa majeraha mazito. New Zealand ilikwenda mbali zaidi mwaka 1974 ikaanzisha mfuko wa taifa unaomtunza aliyeumia bila kesi ya nani alikosea. Sisi hatuhitaji kungoja mpaka tufike huko. Mahakama Kuu tayari ina uwezo, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa anayewajibika kutoa hesabu. Mawakili tuombe amri hiyo pamoja na hukumu, na wazee wa ukoo mkae kama mashahidi wa hesabu hizo.

Mwisho ni muda. Kesi ya ajali hufunguliwa ndani ya miaka 3. Familia nyingi hufika ofisini mwaka wa nne, zimekata tamaa kabla ya kuketi. Kwa jeraha hili mlango haujafungwa kwa wote. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kinasimamisha hesabu ya muda kwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na kwa mtu ambaye akili yake haikuwa timamu. Kifungu cha 27 kinampa nafasi aliyekuwa hajui mambo ya msingi ya dai lake, kwa ruhusa ya korti. Lakini jaji atauliza ushahidi wa hali ya akili ya siku zile, na tunarudi kwenye daftari na karatasi za hospitali.

Wenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, usiku huu andikeni vitu vitatu: tarehe ya ajali, namba ya gari, na jambo moja alilokuwa akiliweza na sasa haliwezi. Kesho mmwite anayemtunza, mumpe hilo daftari na kalamu. Kisha muende kwa wakili mnayemwamini, na huyo anayemtunza asiachwe kwenye benchi la nje. Mwambieni wakili kwamba huyo ndiye shahidi wa kwanza.